Chuma Hakimwagiwi Maji

Juzi nilirudi Garsen, mtoto mgongoni, kitanda chake cha chuma kimevunjika mguu. Kijana wa kuchomelea akaniangalia, akamwangalia mtoto, akasema, "Mama, sogea huko. Moto huu si wa kina mama." Wenzake wakacheka. Mimi nikasogea, lakini rafiki yangu, nikisogea usidhani nimekubali. Moshi wa kuchomelea ulikuwa umenikaa kooni, na moshi huo naujua. Ulinirudisha mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya mafuriko, nikiwa na miaka kumi na miwili na bibi yangu akiuza maji.

Bibi alikuwa na punda mmoja na mkokoteni wa chuma. Tulichota mtoni, tukapanda ukingo, tukazunguka mjini, mitungi ikigongana njia nzima. Mafuriko yalituachia tope la kufika magotini mwa punda, na asubuhi moja fremu ya mkokoteni ikakatika katikati. Mkokoteni ukilala, jungu nalo linalala. Fundi tuliyemjua alikuwa mmoja tu, kwenye kibanda cha mabati, jenereta yake ikinguruma kuliko fahali. Akasema tungoje wiki mbili, ana mageti ya wakubwa.

"Basi mfundishe huyu," bibi akasema, akinisukuma mbele. "Saa ya chakula mashine si inakaa bure?"

"Bibi, huyu ni msichana."

"Mama yake nilimzaa mimi. Nadhani najua msichana ni nini."

Fundi akacheka mpaka akashika ubavu. Bibi hakubishana. Alimfunga punda mlangoni pa kibanda, akaketi chini, akatoa mabuyu yake akaanza kumumunya. Punda yule alikuwa na sauti mbaya, Mungu anisamehe. Hadi adhuhuri wateja walikuwa wameziba masikio, na fundi akanitupia kishikio cha mashine. "Haya, jaribu, huyu mnyama anyamaze! Lakini mshono wako ukivunjika, nisikuone tena hapa."

Kijiti cha kuchomelea kiliganda kwenye chuma kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Nikavuta, kikagoma. Nikaambiwa nikwaruze kama ninawasha kiberiti, kisha niinue kidogo tu, nisikimbie. "Sikiliza," fundi akasema, naye amekwisha kusahau kwamba ananidharau. "Kikilia kama samaki kwenye mafuta, umepata. Kikikohoa, umekiinua sana." Saa nzima nilikikohoza. Miwani alikuwa nayo moja, ya kwake, akaniambia nifumbe macho! Alfajiri nikaamka macho kama yamejaa mchanga, na jirani aliyekuwa akinyonyesha akanikamulia maziwa machoni. "Sasa utaona kama mtoto mchanga," akasema. "Labda na akili itaanza upya."

Haikuanza. Nilirudi, safari hii na miwani, maana bibi alikwenda akaivua usoni mwa fundi kwa mkono wake. Siku ya nne samaki wakalia. Nikaunga fremu, nikagonga magamba yaliyoganda juu yake kwa nyundo, mshono ukang'aa. Lakini chuma kilikuwa bado chekundu na bibi amekwisha kupanga mitungi. Mimi mtoto wa maji, mkono wangu ungefanya nini kingine? Nikachukua debe nikamwaga. Kikalia tss, kikapoa, tukaenda mtoni.

Katikati ya ukingo, mitungi imejaa, fremu ikalia tak. Mitungi ikabingirika mpaka majini, watu wakacheka hadi ng'ambo. Mmoja akapaza sauti, "Haya, fundi wa kike, funga mkokoteni kwa kamba!"

Niliburuta kipande cha fremu mpaka kibandani. Fundi akakigeuza, akaona ufa mwembamba kama unywele katikati ya mshono.

"Nani alimwaga maji?"

"Mimi. Kilikuwa cha moto."

"Chuma si uji. Ukikipoza kwa haraka kinapasuka. Kiache kipoe chenyewe." Akatazama mlango. "Na nilisema nisikuone tena."

"Basi fumba macho," nikamjibu. "Si ndivyo ulivyonifundisha?"

Bibi alimeza buyu zima na kokwa lake. Fundi akanyoosha mkono akawasha jenereta. Nilipomaliza nilikaa mbele ya mshono ule nikiulinda, na kila aliyepita na ndoo nilimkodolea macho. Ukingo ule tuliupanda miaka mitatu na fremu ile. Aliyekufa kwanza ni punda.

Bibi hayupo sasa. Kibanda kimekuwa duka la simu, na ule ukingo wenyewe mto umeula pamoja na njia yetu, ukahamia kando. Hakuna pa kwenda kuonyesha kwamba tulipita. Ndiyo maana kicheko cha vijana wale kilinichoma.

Nilimfungua mtoto mgongoni, nikampa yule kijana. "Mshike kichwa," nikamwambia. Nikavaa miwani yake, nikashika kishikio, nikakwaruza mguu wa kitanda, na samaki wakalia. Nilipoinua uso, kijana, mtoto kwenye mkono mmoja, alikuwa ananyoosha mwingine kuchukua debe la maji.

"Weka chini hilo debe!"

Akaliweka. Tukangoja chuma kipoe, mimi nimeketi, yeye amesimama na mwanangu kifuani, hajui amrudishe vipi.