Keki Anazobeba Mke Wangu

Mke wangu alipoenda Ghuba tulikubaliana atanipigia kila Ijumaa. Mwanzoni alifanya kazi katika nyumba ya mtu, kisha akapata nafasi kwenye hoteli kubwa ya matajiri, upande wa ukumbi wa chai. Hubeba sahani za keki za Kifaransa kutoka jikoni hadi mezani, na kurudi na zilizo tupu. Watoto wetu wawili wako Bungoma kwa mama yangu. Mimi niko Kitale, nimepanga chumba Kibomet, na mchana kutwa napima unyevu wa mahindi katika ghala la nafaka.

Miezi ya kwanza tuligombania kusema. Baadaye maneno yakaanza kupungua. Mimi ningesema mahindi ya mwaka huu yanakuja yakiwa mabichi. Yeye angeuliza kama watoto wamekula. Ningejibu wamekula, ingawa nami nilikuwa nimeambiwa tu kwa simu. Halafu ningesikia tu feni ikizunguka katika chumba anacholala na wenzake.

Kitu pekee kilichomchangamsha kilikuwa zile keki.

"Kuna moja inaitwa ekleri," aliniambia siku moja, "ndefu kama kidole, juu imepakwa chokoleti. Na kuna ingine imepangwa ngozi juu ya ngozi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ati kwa lugha yao ni majani elfu moja."

"Aha," nikasema.

Ningeongeza nini? Keki niliyoijua mimi ni ile ya harusi, inayokatwa vipande vidogo na kupitishwa kwa sinia hadi inaisha kabla ya kufika nyuma. Nilimsikia akingoja nimuulize jambo, nami sikuwa na swali. Nilipokata simu niliona kwamba mke wangu ameingia katika chumba ambacho mimi sijui hata mlango wake uko wapi.

Basi nikasikia kwamba kwenye barabara ya Endebess, katika nyumba ya shamba ya zamani, wamefungua hoteli ya kifahari yenye ukumbi wa chai, na mpishi wao alisomea keki kwa Wafaransa. Jumamosi moja nilitoka ghalani, nikaoga nikajisugua vumbi la mahindi masikioni, nikavaa koti nililoolea, nikaenda.

Watu walikuwa wengi. Familia moja ya Wahindi wenye maduka mjini ilikuwa inasherehekea siku ya kuzaliwa ya nyanya yao. Vijana wawili walikuwa wanapigana picha. Mhudumu, msichana mpole, aliniletea karatasi ya vyakula.

"Mzee, tungoje mwenye anakuja?"

"Hakuna. Niko peke yangu."

Alitabasamu, akaondoa kikombe cha pili. Aliondoa polepole ili kisigonge, na upole ule ndio ulioniuma.

Niliagiza ekleri na ile ya majani elfu moja. Ekleri niliiuma kama mtu anayeuma andazi, krimu ikatokea upande wa pili ikaangukia kotini. Ile ingine niliigusa kwa uma ikapasuka, vipande vikaruka hadi sakafuni. Nilitazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa ananitazama, na hilo nalo halikunifariji. Nikaweka uma kando, nikala kwa mkono. Zilikuwa tamu, bana. Tamu kiasi kwamba nilitaka kumgeukia mtu nimwambie, "Onja hii."

Nikampigia mke wangu simu ya video, ingawa haikuwa Ijumaa. Nilimkuta amepumzika kwenye ngazi za wafanyakazi, amevaa sare.

"Kuna nini? Watoto?"

"Watoto wako sawa. Angalia." Nikageuza simu aone sahani. "Sasa na mimi najua vitu unakulanga huko."

Akaisogeza simu karibu na uso.

"Mimi?" akasema. "Baba watoto, mimi sijawahi kuonja hata moja. Zikibaki zinatupwa, na jikoni kuna kamera. Dada mmoja wa Uganda alilamba kijiko tu, akarudishwa kwao."

Sikujua niweke wapi macho yangu. Yeye ndiye aliyenisaidia.

"Si uniambie. Iko aje?"

"Hii ya majani?"

"Eeh. Anza na juu."

"Juu ni kama... unakumbuka harufu ya sukari nguru ikichemka, ile inatufikia nyumbani asubuhi? Hiyo harufu, lakini unaiuma, inavunjika."

"Na katikati?"

"Katikati ni malai. Malai ya maziwa ya ng'ombe wa mama yako kule Kimilili, kabla hayajapoa."

"Wewe!" Alicheka, kisha akafuta jicho kwa mkono wa sare. "Kula ingine nikikuona."

Nikala. Aliniangalia nikitafuna mpaka mtu akamwita kwa Kiarabu, na picha ikakatika akiwa anainuka.

Mkataba ulipoisha alikuja likizo. Nyumbani Bungoma wageni hawakwisha; walikuja kumwona, kuombewa kazi huko, kula. Usiku watoto walilala katikati yetu. Sikupata nafasi ya kuzungumza naye hadi nilipomleta Kitale na kumpeleka kwenye hoteli ile.

Aliketi ukingoni mwa kiti. Sahani ilipotua, aliigeuza kidogo ili upande mzuri wa keki unielekee. Mhudumu alipopita, mke wangu akamwonyesha kwa jicho meza ya jirani yenye vikombe vichafu. Nikamwambia, "Mama watoto, leo wewe ni mgeni."

"Najua," akasema. Lakini mikono yake haikujua.

Alikata kipande cha ile ya majani bila kudondosha hata chembe, akaonja, akafumba macho. Nilingoja.

"Ni tamu," akasema. "Lakini nilifikiri itakuwa kama vile uliniambia."

Hakusema kwa ubaya. Tulimaliza chai tukitazama mvua ikikusanyika upande wa Mlima Elgoni, na akaniambia ameshatia sahihi kurudi. Nilikuwa nimekwisha kukisia.

Tangu aende, simu za Ijumaa zimerudi kuwa fupi. Keki haziji tena katika mazungumzo, labda tulizimaliza. Mwezi uliopita nilienda hotelini tena, nikaagiza chai tu. Meza ya jirani waliongezeka watu, na baba mmoja akaja akashika kiti kilichokuwa mbele yangu.

"Kuna mtu hapa?"

Nikamwambia achukue.