R na L, Darasani Katoyi

Darasa langu lilikuwa chumba cha mbao mtaani Katoyi. Kila alasiri walikuja watu wazima kumi na mmoja, wengi wakitafuta kazi zinazodai Kiingereza. Niliwafundisha matamshi: ulimi ukae wapi, pumzi itoke vipi. Kilichotusumbua zaidi ni r na l. Mtu akitaka kusema "rice", yaani mchele, alisema "lice", yaani chawa, na wote tulicheka.

Mama mmoja hakucheka kamwe. Alikuwa muuza maharagwe aliyekimbia vita Masisi, akaishi katika kambi ya wakimbizi ya Mugunga kabla ya kupanga chumba jirani na kwangu. Siku moja alibaki wenzake walipotoka.

"Mwalimu," akasema polepole, "unaweza kunitoshea hii l hata mu Kiswahili?"

Alitaka nimwondolee ile l. Nikamwambia Kiswahili chake kinaeleweka vizuri. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kwenye kizuizi kimoja, njia ya Sake, watu wenye bunduki waliwateremsha abiria, wakamwamuru kila mmoja aseme "barabara". Mume wa dada yake alisema "balabala". Hiyo ikatosha kufichua kabila lake. Wengine walipanda gari tena. Yeye hakupanda.

Tangu siku hiyo nilimfundisha nusu saa ya ziada, mlango ukiwa umefungwa. Alijitazama ulimi katika kioo kidogo, akirudia neno lile lile mpaka jasho likamtoka.

Juma lililofuata aliingia mwanamume wa makamo ambaye sikumfahamu. Akaomba kusikiliza tu. Hakuwa na daftari. Kila mwanafunzi aliposimama kusoma, yeye alifumba macho na kuinamisha sikio. Zamu ya mama ilipokaribia, akaniuliza:

"Ule mama wa kitambaa cha bluu ni wa wapi?"

Nikajibu kwamba hapa hatuulizani mtu ni wa wapi. Nikaliambia darasa lote lisimame, tusome kwa pamoja. Nadhani walielewa, maana hata wale waliozoea kunong'ona walipaza sauti. Tuliusoma ukurasa ule mara tano, tukaanza ya sita. Mama alikuwa katikati yao, midomo ikicheza, na hakuna aliyeweza kuitenga sauti yake.

Mgeni akainuka, akanipa mkono kwa adabu.

"Nitarudia, mwalimu. Siku watasoma mumoja mumoja."

Kesho yake walikuja sita. Juma la pili, wawili. Mama hakuonekana tena, na chumba chake kilikuwa wazi. Nikafunga darasa. Kama yule mtu alirudi, sijui.

Baada ya miezi mingi nilimwona yule mama sokoni Birere, akiwa hai, nyuma ya magunia yake. Mteja aliuliza bei, naye akamwonyesha kwa vidole. Nilimsalimia. Alinitambua, macho yakamlegea kidogo. Akainamisha kichwa kwa heshima, kisha akaendelea kupima maharagwe, kinywa kimefungwa.