Waziri wa Fedha kutoka Kagerankanda

Mimi ni mtu wa Tanga, nafundisha Uchumi Kasulu, na kwa muda mrefu salamu za Waha zilinichosha. Una haraka zako, mtu anainama, anapiga makofi taratibu, anauliza ya nyumbani, ya shamba, ya watoto. Nilikuwa na kiherehere kisicho na mpango.

Mwaka juzi tuliigiza majadiliano ya deni la taifa na shule moja ya Kibondo. Wao walikuwa wadai watatu: benki, serikali ya nje na wenye hatifungani. Sisi tulikuwa nchi iliyoelemewa. Waziri wetu wa Fedha alikuwa binti mpole wa Kagerankanda. Baba yake alikuja na baiskeli, akaniambia wazi: "Mwalimu, nikiona ni michezo tu, nafunga sanduku lake, twende tukalime maharage."

Wadai waliingia na tai na mafaili, vifua mbele. Muda ulikuwa dakika kumi, na bila mapatano pande zote zinakosa alama. Nilimnong'oneza waziri aende moja kwa moja kwenye hoja. Yeye akainama mbele ya benki, akapiga makofi. "Mwidiwe!" Nikashika kichwa. Tumekwisha.

Lakini Muha gani ataacha salamu bila kuijibu? Benki nayo ikainama. Waziri akauliza habari za kwao, akahamia kwa serikali, kisha kwa hatifungani, akimaliza kwa kila mmoja kwa upole: "Na tukivuna, tuanze kumlipa nani?"

"Sisi," ikasema benki.

"Nyie kina nani? Sisi ndo tulitangulia kukopesha!" serikali ikaruka.

Hatifungani akatishia kwenda mahakamani. Wakakorofishana wenyewe kwa wenyewe, ukumbi mzima ukicheka, hadi ikabaki dakika moja.

"Wakubwa," akasema waziri, "mpaka mpatane, tunaomba miaka mitano ya kupumua."

Wakakubali, jasho likiwatoka. Muhula mzima nilikuwa nimehubiri kwamba wadai wa nchi hawana sauti moja, na mimi mwenyewe sikujua la kufanya na maneno hayo. Nilifurahi hadi nikamkumbatia mwalimu wa Kibondo, naye hakupenda.

Baba mtu alinifuata nje, macho yamemlowa.

"Mwalimu, hayo maneno ni yangu. Nayasemaga nikitumwa kuposa, wajomba wakidai mahari huku, mashangazi kule. Sikujua huyu mtoto ananisikilizaga."

Akapanda baiskeli yake. Sanduku lilibaki bwenini.