Siku Niliyoingia Ua wa Jirani

Nilikatwa na panga jua likiwa utosini, nikiwa na miaka ishirini na minne. Nchi yetu ilikuwa bado ikiitwa Zaire, na mimi nilikuwa nauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Kalemie.

Siku hiyo nilikuwa uani nageuza samaki juu ya mkeka. Mke wa jirani alikuwa analia. Mume wake, fundi wa mitumbwi, alizoea kumpiga, nasi tulizoea kuongeza sauti ya redio. Lakini mara hii kilio kilikatika ghafla. Ukimya ule ndio ulionitia hofu, nikakimbilia kwao.

Nilimkuta mume amemkandamiza mkewe kwa goti kooni, anamponda uso kwa mpini wa panga.

“Papa, mwache! Unamuua!” nikampigia kelele.

Nikamsukuma kwa bega. Aligeuka na panga lake, nami nikainua mkono wa kulia. Vidole vyangu viwili vilianguka karibu na jiko la mbabula, makaa yakiwa bado mekundu. Pigo la pili lilinipasua bega.

Wanaume wa mtaani wakamvamia. Walimpiga kwa matofali hadi nikasikia mfupa wa taya lake ukivunjika. Nakiri kwamba nilifurahi.

Hospitalini, waliokuja kuniona walileta ndizi na swali moja: “Ulikuwa unatafuta nini kwa bibi na bwana?” Shangazi yangu mwenyewe aliuliza. Uvumi ukazuka kwamba nilikuwa hawara wa yule fundi. Sokoni, wateja wangu wa miaka mingi waliutazama mkono wangu, wakahamia meza ya pili.

Kabla sijatoka hospitalini, mke wa fundi naye alikuja, jicho moja limefumba kwa uvimbe.

“Mama, useme ulijikata. Niko na batoto bane. Akifungwa, nani atabalisha?”

Nilikataa. Mbele ya hakimu mwanamke yule akaapa kwamba panga nililileta mimi.

“Sitwayeni,” hakimu akaniambia, kwa neno la Zaire la kumwita raia mwanamke, “nani alikuita mule?”

“Hakuna. Bibi yake alinyamaza, njo nikaenda.”

Watu wakacheka. Hata hivyo fundi alifungwa mwaka mmoja. Kuhusu mkono wangu hakuna aliyeuliza chochote. Faili lilifungwa, nikarudi nyumbani kujifunza kumenya muhogo kwa mkono wa kushoto.

Mwaka ulipokwisha alirudi, na vipigo vikarudi naye. Mimi niliongeza sauti ya redio. Ndiyo, mimi.

Alasiri moja mkewe alikuja mbio na watoto wote wanne, damu ikimchuruzika sikioni. Aligonga mlango wangu. Nilisimama ndani, kitasa mkononi, nikimwona mahakamani akiapa. Nilimwacha nje kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mtoto mdogo alipoanza kulia, nikafungua.

Mume alifuata nyuma yao na kasia. Alipokanyaga kizingiti nilikuwa nimeshauinua mchi wa kutwangia. Nilimpiga begani kwa nguvu zote za mkono mmoja. Alianguka. Nikampiga tena, na mara ya tatu, hadi mkewe akanishika kiuno: “Mama, inatosha!”

Watu walijaa mlangoni, hakuna aliyecheka. Wawili wakambeba wakamtoa.

Asubuhi nilimsindikiza mwanamke ufukweni, akapanda mtumbwi na wanawe kwenda kwa ndugu zake kule Mpala. Hakuniomba msamaha, wala sikumdai. Alinishika tu mkono ule uliokatwa, akiwa mtu wa kwanza kuushika tangu nitoke hospitali, kisha akakaa chini na kumfunika mtoto kwa kitenge.