Mama Fomu Apimwa Joho

Ofisa manunuzi wa chuo kikuu kimoja alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya uwanja. Walimwita Mama Fomu, maana kwake hata penseli hukuipata bila kujaza fomu.

Mwaka huo wakubwa walileta fomu mpya kwa wote wanaokiuzia chuo bidhaa. Swali la tatu liliuliza: "Je, kuna anayefanya kazi kwenu kwa kulazimishwa?" Wote wakajibu hapana. Mshona majoho ya mahafali akaongeza na alama tatu za mshangao.

"Mume wangu ana kisukari," Mama Fomu akamwambia mkuu wake. "Nikimuuliza kama amekunywa soda, anasema hapana. Akiisema kwa kelele, najua nikatafute chupa."

"Fomu imejazwa, mama. Tumemaliza."

Kesho yake akaenda kiwandani kwa mshona majoho huyo, akasema amekuja kupimwa joho. Mwenye kiwanda, bwana wa tai nyekundu, akamganda kama kupe. Akaja fundi mwenye utepe, mwanamke mwembamba asiyeinua macho.

"Shemeji, unabaki hapa mimi nikipimwa kiuno?" Mama Fomu akauliza. "Mume wangu akisikia utamjibu nini?"

Bwana akatoka mbio, akafunga mlango.

"Pima polepole, mwanangu," Mama Fomu akanong'ona, na kwa sauti kama yake kunong'ona ilikuwa kazi ya jasho. "Mwili wenyewe unauona. Hata tukichukua nusu saa, hatumshangazi mtu."

Fundi akacheka, akaziba mdomo. Akipima mabega, akasema vitambulisho vyao vimefungiwa kwenye droo ya bosi. Akipima kifua, akasema wanalala humo humo, wanawake kumi na mmoja, na geti halifunguliwi mpaka oda iishe. Kiunoni utepe ukaisha, ikabidi aunge na kamba. Hapo akasimulia habari za mwenzao aliyefiwa na mama yake, akanyimwa ruhusa ya kwenda kuzika. Mama Fomu akaacha kutabasamu.

"Bado?" bwana akaita kutoka nje.

"Bado makalio!"

Nyayo za bwana zikasikika zikisogea mbali na mlango.

Chuoni, mkuu wake aliposikia hayo akataka mkataba uvunjwe siku hiyo hiyo.

"Ukivunja leo, atawahamishia kwingine, sisi tutakuwa tumenawa mikono tu," Mama Fomu akasema. "Twende na wakaguzi wa kazi. Kwanza watu wawe huru, ndipo tuongee majoho."

Mkuu akakubali shingo upande. Wakaguzi walipofika, bwana wa tai akadai ufunguo wa droo umepotea. Mama Fomu akavuta kiti, akaketi katikati ya mlango, akaujaza wote.

"Tutausubiri," akasema. "Mimi sina haraka, na hapa hapiti mtu."

Haikuchukua dakika tano, ufunguo ukaonekana mfukoni mwa bwana mwenyewe. Wakaguzi wakaondoka naye. Mahafali yakasogezwa mbele, wahitimu wakanuna, na chuo kikaamua kwamba tangu siku hiyo hakuna mkataba bila mtu kwenda kuongea na wafanyakazi, bosi akiwa mbali.

Wanawake wakatoka getini, kila mmoja na kitambulisho chake. Wakafika kona ya barabara, wakasimama, wakatazamana. Hakuna aliyejua pa kwenda. Wakaangua kicheko. Aliyefiwa tu hakusimama. Alivuka barabara, akaulizia stendi ilipo, akaenda.