Titi la Sufi la Khalati

Miaka ile tulikaa Matrah, ng'ambo ya bahari, nyuma ya soko, na ndani ya nyumba tukizungumza Kiunguja kama hatukuhama. Khalati, mdogo wake mama, alikuwa amekatwa titi la kushoto kwa sababu ya uvimbe. Alipona, lakini hakwenda tena kwenye shughuli yoyote ya wanawake. Kwetu wanawake hukumbatiana kifua kwa kifua, na hilo ndilo aliloliogopa. Sasa binti yake alikuwa anaolewa, na mama wa bibi harusi hawezi kujificha chumbani.

Jirani yetu muuguzi alitusimulia kwamba huko Marekani madaktari wameanza kutia ndani ya kifua cha mwanamke kifuko chenye kitu laini kama jeli. Wengine, alisema, hawaumwi chochote, wanataka kupendeza tu. Khalati alicheka mpaka akajishika ubavu. Kicheko kile nakikumbuka hadi leo, maana kilikuwa kimetupotea muda mrefu. Akasema Wamarekani wanashindilia watu kama mito. Halafu akanigeukia mimi niliyekuwa nikishona.

"Mto si unajua kushona, mwanangu?"

Nilikata bafta, nikaijaza sufi ya mto tuliokuja nao kutoka Unguja. Mara ya kwanza mto wangu huo mdogo ulipanda mpaka karibu na bega, na bibi yangu akamwambia anatembea kama aliyeficha paka. Nikaufumua, nikaushikiza ndani ya sidiria. Khalati alijitazama kiooni, akajigeuza huku na huku, akavua gauni, akalivaa tena. Jioni ile alipika huku akiimba.

Siku ya harusi tulifukiza nguo udi kama kawaida yetu: makaa kwenye chetezo, tenga juu yake, nguo juu ya tenga. Nguo zilipotoka, mimi na bibi tukaiweka na sidiria. Nani aende harusini nguo moja inanukia na nyingine hainukii? Hatukukumbuka jinsi sufi inavyoshika moto. Tulipoona moshi na kukimbilia, sidiria ilikuwa imebaki majivu na vifungo tu.

Bibi alitaka kujaza mchele kwenye soksi. Khalati akakataa. Alikaa kitandani, gauni mapajani. Ngoma za wakwe zikaanza kusikika kichochoroni.

"Mtoto wangu anaolewa," akasema. "Nnakwenda hivi hivi."

Mlangoni pa nyumba ya harusi mama wa bwana harusi alimkumbatia. Nilikuwa nyuma ya Khalati, nikaiona mikono ya yule mama ikisita mgongoni mwake, kisha ikakaza.

"Ushapona, dada?"

"Nshapona."

"Basi njoo ukae na mimi mbele."

Khalati alikaa mbele mpaka mwisho. Wageni walipokuja kumpa mkono wa hongera, yeye ndiye aliyenyanyuka kwanza na kufungua mikono.