Merv Treloar na Ziwa la Mke Wake

Shemeji yangu Merv Treloar aliendesha greda jangwani Australia, kaskazini ya Port Augusta, tangu ana nywele mpaka alipobaki na kofia. Barabara za huko ni za vumbi. Magari yakizipita sana zinajikunja kama bati la paa, na kazi ya Merv ilikuwa kuzinyoosha. Anazinyoosha, malori ya ng'ombe yanazikunja, anarudi mwanzo. Mtu mwingine angekonda. Merv alinenepa.

Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha. Yeye anakataa, lakini anayeandika hapa ni mimi, Clarrie, na shule yangu ya darasa la sita inanitosha kabisa.

Dada yangu Glenys, mkewe Merv, alitaka kitu kimoja tu maishani: kuliona Ziwa Eyre lina maji. Wapwa zangu mnalijua ziwa lenyewe. Miaka nenda miaka rudi ni chumvi tupu. Halafu mvua inanyesha huko mbali Queensland, mito inatambaa miezi mizima, ziwa linajaa, na ndege wa pelikani wanatokea, sijui nani kawaambia. Lakini miaka ya maji ndiyo miaka ya barabara kuharibika, kwa hiyo kila ziwa lilipojaa, Merv alikuwa kazini na gari lilikuwa naye. Baba yetu alikufa hajaliona. Glenys alishapita umri wa baba.

Merv alipostaafu, ziwa likajaa. Glenys hakungoja. Alipakia gari.

Mama yake Merv, Bi Elva, aliketi mbele, maana tangu gari linunuliwe hajawahi kukaa nyuma. Glenys na mimi tukabanana nyuma na maji, unga na mahema. Tukapita Quorn, tukapita Hawker, tukala pai za nyama zilizokuwa baridi katikati. Merv alikuwa anapiga miayo tu. Lami haikumhusu. Lakini Lyndhurst lami ilipokwisha, macho yalimtoka kama mtu aliyeitwa jina. Haukupita muda akasimamisha gari, akashuka, akalala kifudifudi katikati ya barabara, akafumba jicho moja.

"Anafanya nini?" Bi Elva akauliza.

"Anaangalia barabara, Mama," Glenys akasema.

"Hajaizoea tu?"

Sasa, huku kwetu gari likisimama jangwani huwezi kulipita. Utasimama, utauliza kama watu wazima, na kama wazima, utakunywa nao chai, maana umeshasimama. Basi lori likasimama. Dereva akateremka.

"Mko salama, wazee?"

"Salama, bwana," Merv akajibu akiwa bado chini. "Hebu lala hapa uone. Kisu cha greda kiliinamishwa vibaya, barabara imelala upande. Nani kafanya hivi?"

Yule dereva akalala. Mimi nikawasha moto wa chai. Tulipoondoka pale, jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa gari. Mbele kidogo Merv akasimama tena, na gari jingine likasimama, na wao walikuwa na keki.

Marree tulifika jioni. Mama wa baa akatuambia mawingu yanakuja kutoka magharibi. "Kesho mchana itanyesha. Ikinyesha wanafunga barabara, na hakuna anayejua itafunguliwa lini."

Glenys akamtazama mumewe. "Merv, umesikia?"

"Nimesikia. Wafunge. Gari likipita kwenye tope linaacha mifereji, na mifereji ile ikikauka…"

"Merv."

"Kesho sisimami."

Kesho yake alisimama kabla vumbi la Marree halijatutoka puani. Akasimama tena. Wakaja watu na chai yao. Mawingu yalikuwa yamepanda mpaka juu ya vichwa vyetu, na ziwa bado lilikuwa mbele, njia ya kona, mchanga na mawe. Merv akalala chini mara nyingine, injini inaunguruma. Wala hakugeuka nyuma aliposikia mlango.

Glenys alikuwa ameshakaa kwenye usukani. "Clarrie, mpelekee maji na kofia."

Nikampelekea. Nikamwekea na kiti cha kukunja, mimi si mtu mbaya. "Asante, shemeji," akasema, jicho bado limefumbwa. Nikarudi, tukaondoka.

Baada ya kitambo Bi Elva akasema, "Tumemwacha mwanangu."

"Tumemwacha, Mama."

"Ana maji?"

"Anayo."

"Haya. Pandisha kioo basi, vumbi linaingia."

Msitufikirie vibaya, wapwa zangu. Kumwacha mtu jangwani ni kumuua. Lakini siku zile nusu ya Australia ilikuwa inakwenda kuangalia maji, na kila gari lazima lisimame. Kumwacha Merv pale ilikuwa sawa na kumwacha kituoni.

Tukafika. Lilikuwapo. Maji mpaka yanapokutana na mbingu, rangi ya chuma, hayatikisiki. Glenys alivua viatu, akaingia, matope yakamfika magotini, akasimama tu. Nikamwuliza kama kuna baridi. Akapiga hatua nyingine mbele.

Merv alifika akiwa ndani ya gari la mwanamke mmoja mfuga ng'ombe, anamweleza habari za mitaro ya barabara, na yule mama anaonekana amechoka. Akashuka, akaenda hadi ukingoni.

"Umeingia kona ya mchanga kwa kasi," akamwambia mkewe. "Nimeona alama za matairi."

"Ndiyo."

Tone la kwanza likampiga kwenye kofia. Akatazama juu, akatazama barabara. "Glenys, tuondoke sasa hivi. Nusu saa tu, itakuwa imefungwa."

"Ondokeni," Glenys akasema. "Mimi nipo."

Merv akasimama akifikiri. Kumwacha hawezi. Kumsubiri ni kulowa, na barabara ikishalowa, hakuna nguvu duniani itakayomfanya aikanyage. Mvua ikaamua. Tukapiga mahema.

Tulikaa pale mpaka unga ukakaribia kwisha. Kila asubuhi Glenys alibeba kiti chake mpaka kwenye maji. Siku moja Merv akampelekea chai, akabaki amesimama nyuma yake, mikono mfukoni.

"Hayaendi popote, haya maji," akasema.

"Hayaendi."

"Hayana hata mtaro."

"Keti, Merv."

Akaketi kwenye tope.